Je, upepo ndio ulioipindua ndege ya Toronto?

Swali la msomaji:

"Shikamoo Kapteni. Mimi ni muuguzi, ninaishi Mississauga, jirani kabisa na uwanja wa ndege wa Toronto Pearson. Tangu ile ndege ilipotua na kulala chali mwezi Februari 2025, nimeitazama video yake mara nisizoweza kuzihesabu. Kila mtu ana lake: huyu anasema upepo uliipindua, yule anasema iliteleza kwenye barafu, mwingine anamlaumu rubani. Majuzi nami nilisafiri, tukatua katika upepo mkali kwa kishindo kikubwa hadi makabati ya mizigo yakafunguka. Tangu siku hiyo kiuno kinaniuma, na nikifikiria kupanda ndege tena usingizi hunipaa. Mama yangu ana miaka 68 na anatarajia kuja mwezi Februari kutoka Tanga, kupitia Dar es Salaam na Addis Ababa. Naomba unieleze ni nini hasa kinachoweza kuiangusha ndege ya abiria inapotua katika upepo, na kama nimwambie mama aahirishe safari."

Jibu:

Marahaba, binti yangu, na pole kwa kiuno. Ukiondoa maelezo, unaniuliza mambo mawili: kama upepo peke yake unaweza kuipindua ndege kama unavyopindua mwavuli, na kama mama yako atakuwa salama Februari. Nitayajibu yote mawili, pamoja na la kiuno ambalo umelitaja kwa kupitia tu, kwa sababu kwa upande wako hilo ndilo la haraka zaidi.

Kwanza tukumbushane yaliyotokea. Tarehe 17 Februari 2025, alasiri, ndege ya aina ya CRJ-900 ya kampuni ya Endeavor Air, inayoendesha safari kwa jina la Delta, ilikuwa inatoka Minneapolis ikiwa na abiria 76 na wafanyakazi wanne. Ilikuwa inatua kwenye barabara ya kutulia ndege namba 23 ya Pearson. Upepo ulikuwa unavuma kutoka magharibi kwa nodi 28, na mivumo ya ghafla ilifikia nodi 35, yaani kama kilomita 65 kwa saa. Ndege iligusa ardhi, mguu wa kulia ukavunjika, bawa la kulia likang'oka, moto ukawaka, na kiwiliwili kikabingirika na kuteleza kikiwa kimelala chali. Watu 21 walipelekwa hospitali. Hakuna aliyekufa.

Uvumi wa kwanza, kwamba upepo uliipindua, hauna msingi. Ndege ile ilikuwa na uzito wa tani 30 na ushei, na upepo wa nodi 35 hauwezi kuinua bawa lake moja na kulibwaga upande wa pili. Kilichoibingirisha ni kitu ambacho wewe, kama mtu wa Tanga, utakielewa haraka kuliko wanafunzi wangu wengi wa bara. Fikiria ngalawa iliyovunjika mrengu mmoja huku tanga likiwa bado limejaa upepo. Tanga halijui kwamba mrengu umevunjika. Linaendelea kusukuma, na chombo kinalalia upande usio na mrengu. Ndege ilipogusa ardhi bado ilikuwa na mwendo mkubwa, na bawa la kushoto lilikuwa linaendelea kubeba kama kawaida. Bawa la kulia lilipoondoka, hakukuwa na chochote cha kusawazisha nguvu ile, nayo ndege ikazungukia kulia hadi paa likawa chini. Kupinduka kulikuwa tokeo la kuvunjika, si chanzo chake, na kwa hiyo swali lenye maana ni kwa nini ule mguu ulivunjika.

Hapo ndipo upepo unapoingia, lakini si kwa mlango ambao watu wengi wanaufikiria. Abiria huogopa upepo wa ubavuni, ule unaoifanya ndege ije kiupandeupande kama kaa. Unatisha ukiutazama kutoka chini, ila ni jambo ambalo marubani hulifanyia mazoezi tangu wakiwa wanafunzi. Siku ile sehemu ya upepo iliyokuwa ikipiga ubavuni ilikuwa kama nodi 20 tu wakati wa mivumo, kwa sababu upepo uliikabili ndege zaidi kutoka mbele kuliko kutoka kando. Kama ndege zingeelekezwa kwenye barabara za Pearson zinazokwenda kaskazini-magharibi, ubavu ungepigwa zaidi. Barabara iliyotumika ilikuwa chaguo la busara.

Upepo unaoheshimiwa na marubani ni ule wa mbele, ambao manahodha wetu wa pwani wanauita upepo wa mbisho. Si kwa sababu ni mbaya, maana kutua tunakutafuta huko huko unakotoka, bali kwa sababu unaweza kukuacha ghafla. Bawa halibebwi na mwendo wa ndege juu ya ardhi. Linabebwa na mwendo wa hewa inayopita juu yake. Ndege inayokwenda nodi 111 juu ya ardhi ikiwa na upepo wa mbele wa nodi 25, bawa lake linahisi nodi 136. Zile 25 ni mkopo wa upepo, na upepo ukipungua kwa sekunde mbili tu, mkopo umedaiwa. Ubaya wa hesabu hii ni kwamba uwezo wa bawa kubeba haupungui sawa na mwendo, bali kwa mraba wake. Ukishuka kutoka nodi 154 hadi 134, mbali na kupoteza sehemu ndogo ya mwendo, umepoteza karibu robo nzima ya nguvu ya kubeba, kama pua ya ndege itabaki pale pale ilipokuwa.

Sikuzitaja namba hizo mbili kwa kubahatisha. Bodi ya Usalama wa Usafiri ya Kanada ilitoa taarifa ya awali Machi 2025, na taarifa hiyo inasimulia sekunde za mwisho kutokana na kumbukumbu za visanduku vyeusi. Ndege ikiwa chini ya futi 200 kutoka ardhini, mvumo wa ghafla uliipiga na mwendo wake hewani ukapanda hadi nodi 154. Rubani alipunguza nguvu za injini, jambo ambalo mtu yeyote angelifikiria, maana mwendo ulikuwa umezidi ule uliokusudiwa. Kisha mvumo ukapita. Mwendo ukaanza kushuka huku injini zikiwa bado katika nguvu ile ndogo, na ndege ikaanza kuzama haraka kuliko inavyotakiwa. Sekunde 2.6 kabla ya kugusa ardhi, kifaa kinachoonya ukaribu wa ardhi kilipiga kelele kwamba ndege inashuka kwa kasi kubwa mno. Ilipogusa ilikuwa inashuka kwa takriban futi 1,100 kwa dakika, imeinamia kulia kwa nyuzi 7.5, na pua yake imeinuka kwa nyuzi moja tu.

Nikae kidogo kwenye namba hizi, kwa sababu ndizo zinazobeba jibu lako. Kwa kawaida rubani anapokaribia kugusa ardhi huinua pua polepole ili kuvunja kasi ya kushuka, na ndege ya aina ile hutarajiwa kugusa ikiwa pua imeinuka kati ya nyuzi tatu na nane. Hapa pua haikuinuka vya kutosha, kwa hiyo kasi ya kushuka haikuvunjwa. Kuinamia kulia nako si kosa kwa asili yake, maana upepo ukitoka kulia tunaliteremsha kidogo bawa la upande huo ili ndege isisukumwe kando. Lakini kuinamia kwa kiasi kile kulimaanisha kwamba mguu wa kulia uligusa peke yake na kuubeba mzigo wote. Miguu ya ndege za abiria hutengenezwa ili ihimili kushuka kwa futi 10 kwa sekunde bila madhara, na hujaribiwa hadi futi 12. Ndege ile ilishuka kwa zaidi ya futi 18 kwa sekunde. Nishati ya kishindo nayo hupanda kwa mraba wa kasi ya kushuka, kwa hiyo mguu mmoja ulikabiliwa na nishati inayozidi mara mbili ile ya kipimo cha mwisho cha majaribio. Ukitaka kuiona kwa macho, ni kama kuinyanyua ndege hadi kimo cha mtu mzima na kuiachia ianguke.

Kwa hiyo, sababu zinazowezekana zinajipanga hivi: upepo uliobadilika karibu na ardhi, nguvu za injini zilizopunguzwa na kutorudishwa mapema, pua ambayo haikuinuliwa vya kutosha, na chuma kilichopewa mzigo kupita kiasi. Wachunguzi walisema watavipima vipande vya mguu na bawa kwenye maabara ili kujua kipi kilivunjika kwanza na kama chuma kilikuwa na kasoro ya zamani, na pia wataangalia jinsi marubani wanavyofundishwa kutua. Taarifa ya awali haimtaji mwenye kosa, na si kazi ya bodi hiyo kumtafuta. Mimi maoni yangu, baada ya miaka zaidi ya 20 nikirusha ndege za abiria, nyingi zikiwa za mapangaboi, ni kwamba ajali ya namna hii haina sababu moja, na anayekupa sababu moja hajawahi kushika usukani katika upepo.

Mimi nimewahi kupunguza nguvu za injini kwa namna ile ile. Nilikuwa rubani msaidizi kijana, msimu wa Kusi, katika uwanja mmoja wa pwani. Mvumo ulitupiga, sindano ya mwendo ikaruka, mkono wangu ukavuta kabla akili haijafikiri. Kapteni wangu hakusema neno; aliusukuma mkono wangu mbele na kuuacha wake juu yake mpaka tukagusa. Tuligusa kwa nguvu hata hivyo, na mafundi wakaikagua miguu ya ndege jioni nzima. Tofauti kati ya simulizi yangu na ya Toronto ni sekunde tatu au nne. Injini ya jeti iliyopunguzwa haiitiki papo hapo kama gari. Huhitaji sekunde kadhaa kurudi kwenye nguvu kamili, na ukiwa futi 50 kutoka ardhini huna sekunde hizo.

Kuhusu barafu sitasema mengi. Theluji ilikuwa inapeperushwa uwanjani, lakini barafu huiponza ndege baada ya kugusa, inapofunga breki. Hii ilivunjika palepale ilipogusa. Siku ya ajali afisa mmoja wa zimamoto alitangaza kwamba barabara ilikuwa kavu na hapakuwa na upepo wa ubavuni, na sehemu ya pili ya kauli hiyo haikulingana na taarifa za hali ya hewa, ndiyo maana mkanganyiko ulienea. Kuhusu rubani, kulikuwa na maneno ya ovyo mitandaoni, mengine ya kumdharau kwa sababu tu ni mwanamke. Rubani msaidizi aliyekuwa anairusha alikuwa na saa zaidi ya 1,400 za kuruka na vyeti vyote vilivyotakiwa. Mtu anaweza kuhoji mafunzo, na wachunguzi walisema watayaangalia, lakini jinsia haishushi ndege wala haiipandishi.

Huenda ukajiuliza kama ndege kubwa ingenusurika. Tarehe 22 Agosti 1999, ndege ya China Airlines ya aina ya MD-11, kubwa mara nyingi kuliko ile ya Toronto, ilitua Hong Kong pembezoni mwa tufani ikiwa na watu 315. Karibu na ardhi ilishuka kwa kasi ambayo rubani hakuweza kuivunja, ikagusa kwa mguu wa kulia, bawa la kulia likang'oka, ikalala chali na kuwaka moto. Watu watatu walifariki. Wachunguzi wa Hong Kong walisema huenda upepo wa mbele ulipungua kwa muda mfupi katika futi 50 za mwisho. Ukizisoma ripoti hizi mbili kwa pamoja, ni kama ajali moja iliyosimuliwa mara mbili, miaka 25 baadaye.

Kuna namna nyingine ya upepo kuiangusha ndege, na hiyo ndiyo iliyokuwa inaua zaidi zamani. Chini ya wingu la radi hewa baridi huweza kuporomoka kama maji ya ndoo iliyomwagwa sakafuni, ikafika chini na kusambaa pande zote. Ndege inayopita hapo hukutana kwanza na upepo wa mbele unaoipandisha, kisha mporomoko unaoishindilia chini, kisha upepo wa nyuma unaoinyang'anya mwendo, yote kwa chini ya dakika moja. Ndivyo ilivyoangamia ndege ya Delta namba 191 ilipokuwa inakaribia Dallas tarehe 2 Agosti 1985, na watu 137 wakafa. Baada ya hapo Marekani iliagiza ndege ziwe na vifaa vya kuonya mabadiliko ya ghafla ya upepo, viwanja vikubwa vikawekewa rada za kuyatambua, na marubani wakaanza kuyafanyia mazoezi kwenye mitambo ya kuigiza urukaji. Ajali za aina hiyo zimekuwa nadra sana kwenye viwanja vyenye vifaa hivyo. Viwanja vyetu vingi vidogo havina rada za namna hiyo, na ndege ya ATR 42 iliyoangukia Ziwa Victoria tarehe 6 Novemba 2022 ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa, ambapo watu 19 kati ya 43 walipoteza maisha, ilitukumbusha hilo kwa uchungu. Lakini mama yako haendi Bukoba.

Rubani ana njia gani basi upepo unapomgeuka? Njia nzuri kuliko zote ni kughairi kutua: kusukuma nguvu zote za injini, kuinua pua, kupanda, na kujipanga upya. Abiria wengi huogopa ndege inapoacha kutua na kunguruma kurudi juu, wakidhani imeponea chupuchupu. Ni kinyume chake; hapo rubani amekataa bahati nasibu. Gharama yake ni mafuta na dakika kumi na tano. Njia ya pili ni kuzunguka angani mpaka upepo utulie, na ya tatu ni kwenda uwanja mwingine, ambayo huwakera abiria na kuigharimu kampuni fedha nyingi. Ninakiri kwamba gharama hiyo inawakaa marubani kichwani, hata kama kanuni zinasema isiwakae. Udhaifu wa njia zote tatu ni kwamba zinahitaji uamuzi wa mapema. Onyo likija sekunde 2.6 kabla ya kugusa, mlango wa kughairi umekwisha kufungwa.

Sasa mama. Sioni sababu ya kuahirisha safari yake. Februari huko kuna upepo na theluji, ni kweli, lakini viwanja vya Kanada vimezoea majira hayo na wafanyakazi wake wanayajua. Ikiwa tiketi inaruhusu kuchagua kwa bei ile ile, Mei ni mwezi mpole zaidi, na kwa mtu wa miaka 68 anayetoka Tanga ningeupendelea kwa sababu ya baridi kuliko kwa sababu ya ndege. Mchagulie kiti karibu na mabawa, maana hapo mtikisiko hupungua. Mkanda aufunge chini ya tumbo, juu ya nyonga, na ubane. Avae viatu vya kufunga wakati wa kutua, si ndala. Na umweleze kabisa kwamba likitokea lolote, mkoba ubaki. Toronto watu wote 80 walitoka hai kwa sababu viti havikung'oka, mikanda ilishika, bawa lililoungua liliachwa nyuma pamoja na sehemu kubwa ya mafuta yake, na wahudumu waliwatoa watu haraka. Mlipuko mmoja ulitokea nje ya ndege wakati ndani hakuna mtu tena. Abiria walijikuta wananing'inia kichwa chini. Mtu akiwa hivyo, hushika kiti au dari kwa mkono mmoja kwanza, ndipo hufungua mkanda, la sivyo ataangukia shingo.

Na wewe. Wewe ni muuguzi, kwa hiyo nisikufundishe kazi, ila nimewaona wauguzi wengi wanaojipuuza. Kutua kwa kishindo huweza kuubana uti wa mgongo hata kama ndege haikupata mkwaruzo, hasa kwa aliyekuwa amekaa kwa kuinama au amejipinda kuangalia dirishani. Maumivu ya kiuno yaliyoanza siku ile na hayajaisha yanahitaji daktari akuguse na kukupima, si barua yangu. Ukihisi ganzi kwenye mapaja au sehemu za siri, miguu kulegea, au mkojo kukataa kutoka au kukutoka bila kujijua, usingoje miadi. Nenda idara ya dharura siku hiyo hiyo. Ombeni pia kampuni iliyowasafirisha iwape uthibitisho wa maandishi kwamba kutua kule kulirekodiwa kuwa kwa kishindo, kwa sababu daktari atataka kujua ukubwa wake.

Usingizi usiokuja nao una tiba. Anza kwa kuacha kuitazama ile video. Kila ukiitazama, mwili wako unatua tena. Ikiwa hofu imedumu zaidi ya mwezi, au umeanza kukwepa safari na zamu kwa sababu yake, mwambie daktari wa familia akuelekeze kwa mtaalamu wa tiba ya mazungumzo, ambaye huwafundisha watu kuikabili hofu hatua kwa hatua. Baadhi ya vituo vya mafunzo ya urubani huruhusu wenye hofu kukaa kwenye mtambo wa kuigiza wakiwa na mwalimu, na nimeona watu wakitoka humo wamebadilika. Usinywe dawa za usingizi za kuazima kabla ya safari, maana mtu aliyelewa dawa hawezi kufungua mlango wa dharura wala kumsaidia mama yake.

Siku mama atakapotua, mpokee kwenye ukumbi wa ndani. Usisimame kando ya uwanja kuitazama ndege ikija kiupandeupande katika upepo. Yeye ndani hataona kitu, na atakapotoka atakuwa anaulizia chai.